Kabla Hujamdhamini Mtu

Msikilizaji, shemeji amekuletea fomu ya mkopo wa Saccos. "Weka sahihi tu hapa, ni utaratibu." Sahihi hiyo inakuingiza kwenye deni lake. Kwa kawaida, akiba yako hushikiliwa kwa kiasi ulichodhamini, na kujitoa chamani husubiri mkopo uishe. Asipolipa, chama kinaweza kukata akiba hiyo, hata kama hukuonja senti ya mkopo wenyewe.

Kwa hiyo uliza: anakopa kiasi gani, atalipa kwa kipato gani, wadhamini wenzako ni nani? Soma mkataba, chukua nakala. Dhamini kiasi unachoweza kulipa mwenyewe.

Umeshadhamini? Pita ofisini kila mwezi uulizie marejesho. Yakikwama, mkalishe shemeji mapema, kabla deni halijavimba.