Ufuko wa Kivu na hati ya ardhi

Uwekezaji wa kitalii, yaani kuingiza mtaji katika hoteli na huduma za wageni, huzungumzwa mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo, kana kwamba kikwazo chake ni usalama peke yake, hasa tangu kundi la waasi la M23 lilipouteka mji Februari 2025. Kikwazo hicho ni kizito, lakini cha ardhi kilikuwapo kabla ya vita na kitabaki baada yake. Sheria ya Kongo ya Julai 1973 inaifanya ardhi yote kuwa mali ya taifa, na mwekezaji wa kigeni hupewa konsesheni, yaani haki ya kuitumia kwa muda usiozidi miaka 25 unaoweza kuongezwa. Ilhali upande wa Kabare, eneo jirani na mji, ardhi hiyo hiyo huenda tayari ina mwenye kalinzi, haki ya kimila inayopatikana kwa kumtolea mwami, mtawala wa jadi, ng'ombe au malipo mengine. Haki mbili zikigongana, mwekezaji makini huondoka, na anayebaki mara nyingi ni yule asiyejali.

Matokeo yanaonekana kwenye rasi za Ibanda mjini Bukavu, ambako kuta za mawe zimeshuka hadi ndani ya maji, na mama mwenye beseni la nguo hulazimika kuzunguka mbali kutafuta mahali pa kulifikia ziwa. Juu ya Ibanda, huko Kadutu, nyumba zimebanana kwenye miteremko isiyo na mifereji, hivyo kila mvua kubwa huporomosha udongo na chupa za plastiki hadi ziwani. Chupa hizo huelea kuelekea Mto Ruzizi, zikatanda kama mkeka mbele ya bwawa la Ruzizi I na kuziba mitambo, na taa za hoteli ya ufukweni zikazimika. Hoteli haiwezi kupangwa peke yake, mbali na mlima ulio nyuma yake.

Kahuzi-Biega ni onyo zito zaidi. Hifadhi hiyo ya sokwe, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kupanuliwa mwaka 1975, iliwatoa watu wa jamii ya Watwa katika msitu wa mababu zao, na uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu uliotangazwa mwaka 2024 ulitambua kwamba haki zao zilivunjwa. Utalii utakaofufuliwa humo bila kuwarudishia ardhi yao utakuwa umejengwa juu ya dhuluma. Kuhusu ufuko, hatua ya kwanza haihitaji mtaji mkubwa: ramani inayoonyesha eneo la umma, miteremko isiyojengeka na mashamba ya kalinzi ibandikwe kwenye ofisi za Ibanda na Kabare, kwa Kiswahili na kwa Mashi, lugha ya wenyeji, kabla ya konsesheni yoyote kutiwa saini.