Uchovu Si Uvivu: Mazoezi kwa Mwenye Ugonjwa wa MS

Mada ya kamati ya afya, siku ya sherehe ya miaka kumi



 Kamati ya afya tumepewa dakika chache, nasi tumeona tuzungumzie uchovu. Tunajua mtacheka: nani hapa hajachoka? Lakini uchovu wa leo ni mwingine.

Yupo mwenzetu mwenye ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi, kwa kifupi MS. Ametupa ruhusa tuseme. Kabla haujajulikana alikuwa akikosa vikao na kulipa faini, na maneno yakawa mengi: mara mvivu, mara anadeka, mara karogwa. Mwezi uliopita aliomba kujitoa, eti asiwe mzigo. Ndiyo maana tumesimama hapa.

MS ni nini? Mishipa ya fahamu katika ubongo na uti wa mgongo imefunikwa na utando, kama plastiki inavyofunika waya wa umeme. Kinga ya mwili inakosea na kuushambulia utando huo, na ujumbe unapita kwa shida. Macho yanafifia, miguu inakuwa mizito, ganzi inaingia. Si ugonjwa wa kuambukiza. Mara nyingi hugunduliwa kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi ya wanaume. Mwaka 2020 ilikadiriwa kuwa watu milioni 2.8 duniani wanao.

Wengi wao wanalalamikia uchovu kuliko yote. Mtu ameamka sasa hivi, hajafagia hata uwanja, naye yu hoi. Kulala hakuuondoi.

Zamani wagonjwa hawa walishauriwa wapumzike tu. Mwaka 1890 daktari Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, aliandika kuwa macho yao hufifia baada ya kazi nzito. Baadaye ikajulikana kuwa kinachosababisha ni joto la mwili, na mwili ukipoa hali hurudi. Tena kukaa tu kuna hasara yake: misuli inalegea, pumzi inapungua, na kesho kazi ileile inachosha zaidi. Mwaka 1996 watafiti wa Utah, Marekani, walitangaza matokeo ya wagonjwa 54. Waliofanya mazoezi dakika 40, mara tatu kwa wiki, kwa wiki 15, walipata pumzi na nguvu zaidi. Mwaka 2015 tafiti 45 zenye wagonjwa 2,250 zilijumlishwa, ikaonekana mazoezi hupunguza uchovu kwa kiasi, wala hayakuonekana kuuchochea ugonjwa uzuke upya. Hayaponyi, lakini yanasaidia.

Afanyeje basi?

1. Aanze kwa daktari. Uchovu waweza kuongezwa na upungufu wa damu, usingizi mbovu au huzuni, na hayo yana tiba yake.

2. Aanze na kidogo, hata dakika tano za kutembea, aongeze polepole. Mwongozo wa Kanada wa mwaka 2013, kwa ambao ugonjwa haujawalemea sana, unataka dakika 30 za mazoezi ya wastani mara mbili kwa wiki, na mazoezi ya nguvu mara mbili. Hapo ni pa kufikia, si pa kuanzia.

3. Akitembea aweze kuzungumza. Akishindwa kumaliza sentensi, apunguze mwendo.

4. Kwa mazoezi ya nguvu, asimame na kukaa kwenye kiti imara mara nane hadi kumi, au anyanyue chupa mbili za maji. Mwenye kuyumba afanye akiwa amekaa, na mtu awe karibu.

5. Akimbie joto. Afanye alfajiri au jioni, kivulini, na kitambaa kilicholowa maji shingoni.

6. Apumzike kabla hajaishiwa. Siku anayojisikia vizuri asifue, asiende sokoni na kutwanga kwa pamoja. Sisi wa vikoba tunalijua hili: anayetoa akiba yote siku moja, kesho atakopa kwa nani?

7. Akiwa na homa, au dalili mpya zikitokea, aache mazoezi amwone daktari.

Akina mama, haba na haba hujaza kibaba. Hisa zetu zilianza ndogo, zikakua kwa sababu kila wiki mtu alileta. Nguvu za mwili nazo ndivyo zinavyojengwa.

Tunaomba kikao kipitishe mambo matatu. Kwanza, vikao vianze saa mbili asubuhi badala ya saa nane mchana, na kiwepo kiti chenye mgongo kivulini. Pili, mwenye cheti cha daktari asitozwe faini, hisa yake ipokelewe kwa simu. Tatu, wapatikane wawili wa kutembea na mwenzetu kwa zamu, jioni mbili kwa wiki. Kamati tumeshaandika jina la kwanza. Tunatafuta la pili.

Na wewe mwenzetu, barua yako ya kujitoa bado iko kwa katibu. Tunakuomba uichukue.