Namna tulivyoachana mu biashara ya mawese

Maneno ya wanachama wawili mbele ya mkutano wa chama, Kalembe

Komite ilituomba tuongee juu ya kitu kimoja tu, namna tulivyoachana. Wengi hapa mulikuwa munatuona kila siku ya soko tumekaa pamoja nyuma ya bidoni, kisha mukaanza kuona mmoja anapita upande huu wa njia na mwingine upande ule. Musitegemee tuseme nani alifanya nini. Tulipatana kuongea kwa kinywa kimoja, na kila pahali pa kosa tutasema "mmoja wetu." Wenye kujua wanajua, wanyamaze.

Tulianza mwaka 2021. Kalembe yetu iko pale Masisi na Walikale zinakutana, na biashara inatoka mule mule: mawese inapanda kutoka upande wa Pinga, maharagi na viazi vinashuka kutoka Masisi ya juu. Mmoja wetu alitoa dola 600. Mwingine hakuwa na dola, alitoa franga 800.000. Wakati ule dola moja ilikuwa franga 2.000, kwa hiyo ilikuwa sawa na dola 400. Mwenye kutoa kidogo njo alikubali kutembea njia, kununua bidoni na kulipa kwenye barieri. Mwenye kutoa mingi alikaa Kalembe na ufunguo wa depo. Faida tukasema nusu kwa nusu. Tulisema hivyo kwa mudomo, tukiwa tunatwanga sombe. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Nani angeandika? Tulikuwa kama ndugu, watoto wetu walikuwa wanakula mu sahani moja.

Tulikuwa na kaye moja, ndiyo. Lakini ile kaye ilikuwa ya kuandika wanunuzi wenye madeni tu. Haikuandika nani alitoa nini. Haikuandika barieri. Munajua barieri: unalipa hapa, unalipa pale, na hakuna mwenye kukupa karatasi. Ukirudi nyumbani unasema "nililipa hivi," na mwenzako anakubali juu ya kuwa anakupenda. Siku anaacha kukupenda, anaanza kuhesabu nyuma.

Biashara ilienda vizuri. Franga ya ziada tulikuwa tunaiweka Goma, mu koperative moja ya akiba, na konti ilifunguliwa kwa jina la mmoja wetu peke yake, juu njo alikuwa na kadi ya kura isiyofutika. Mwaka 2024 ilikuwa imefika dola 900.

Halafu siku ya Yenga, tarehe 20 Oktoba 2024, vita ikaingia Kalembe. Hatuna haja ya kueleza, wote mulikuwa hapa ama mulikuwa njiani. Mmoja wetu alikimbilia upande wa Pinga, mwingine akafika mu kambi pembeni ya Goma. Miezi mitatu baadaye, mwisho wa Januari 2025, Goma nayo ikaanguka, banki na koperative zikafunga milango, na watu wa kambi wakaambiwa warudi kwao. Dola 900 zikabakia ndani. Ziko ndani paka leo.

Tuliporudi, depo ilikuwa wazi, mulango hakuna, bidoni hakuna, kaye hakuna. Tukakumbatiana pale pale mu ukumbi, tukalia. Ile ilikuwa siku ya mwisho ya mapendo kwa muda mrefu.

Maneno yalianza na hesabu ya bidoni. Mmoja alisema siku ya kukimbia zilikuwa 41. Mwingine alisema 34. Musifikiri saba ni kidogo. Kwa mutu mwenye kulala chini ya shiti, bidoni saba ni masomo ya mutoto na mbegu ya kupanda. Kisha ikaja habari ya dola 900: mwenye jina alikuwa anajibu "tutaona," na "tutaona" ni neno baya sana mbele ya mutu mwenye njaa. Kisha ikaja habari ya franga 800.000. Mwaka 2021 ilikuwa dola 400, lakini dola ilipopanda paka karibu na 2.800, ile ile franga ikawa dola 286 hivi. Mwenye dola akasema: mwenzangu alitoa 286. Mwenye franga akasema: hapana, nilitoa 400, na sikutuma mimi franga ianguke.

Sasa tuseme lile neno lililotuleta hapa mbele. Ndugu wa mmoja wetu alikuja usiku akasema: "Nipe ruhusa tu. Kuna vijana watamupitia, utalipwa yote ndani ya siku mbili." Munaelewa ni vijana gani. Na mmoja wetu hakusema hapana. Alisema, "Ngoja nifikiri." Alifikiri siku tatu. Tunawaambia hili bila kuficha juu hapa kwetu limeshafanyika mara nyingi: mutu anapeleka deni lake kwa mwenye bunduki, mwenye bunduki anachukua nusu yake, kesho anarudia kuchukua ya mwenye kudai, kesho kutwa watu wa ukoo wa mudaiwa wanatafuta bunduki yao. Na sisi hatutoki kabila moja. Tayari sokoni walikuwa wameanza kusema "wale wanatuibia" na "wale njo walivyo," na ilikuwa tu wamama wawili wenye kukosana juu ya mafuta.

Siku ya nne, yule mwenye kufikiri alienda kwa prezida wa komite. Hakueleza habari ya vijana. Alisema tu, "Mutukalishe." Ile ya vijana tuliieleza baadaye, na mwenzake alinyamaza wiki nzima.

Chama kilichagua watu watatu, wale wale wenye kushika funguo tatu za sanduku la akiba. Wengine waliuliza kwa nini wale na si wazee wa mugini. Jibu lilikuwa rahisi: wamezoea kuhesabu mbele ya watu. Tulikaa nao siku ya posho tatu, moja kila wiki. Bwana zetu walitaka kuingia, wakaombwa wangojee inje. Ile ilisaidia kuliko mambo mengi.

Siku ya kwanza hatukugusa franga. Tuliambiwa tu kila mmoja aseme kile anachokubali cha mwenzake, kiandikwe. Ilikuwa kazi ngumu. Mutu anakuja na hasira yake imepangwa vizuri, unamuuliza "Unakubali nini?" anakosa maneno. Lakini mangaribi tulikuwa na karatasi mbili. Ya kwanza: 600 zilitolewa, franga 800.000 zilitolewa, faida nusu kwa nusu, 900 ziko Goma na si za mutu mmoja. Ya pili ilikuwa na tusiyokubaliana, na ilikuwa fupi kuliko tulivyofikiri: bidoni, bei ya dola, barieri, na madeni ya wanunuzi.

Mmoja wa wale watatu alisoma sheria kidogo Goma kabla ya vita. Alitueleza kwamba sheria ya mapatano ya Kongo, ile ya tarehe 30 Julai 1888, mu kifungu cha 33 inasema mapatano yenye kufanywa vizuri yanakuwa kama sheria kwa wale waliopatana. Kwa hiyo kazi yetu haikuwa kutafuta nani ni mwema, ilikuwa kutafuta tulipatana nini. Alisema tena kama tungekuwa watu watano, tungeweza kufungua koperative ndogo chini ya sheria ya OHADA, ambayo Kongo iliingia ndani mwaka 2012, na ingetulazimisha kuandika vitabu. Tulikuwa wawili. Hata wawili wanaweza kuandika, lakini hakuna mwenye kuwalazimisha.

Siku ya pili waliita watu. Motari mwenye kubeba bidoni zetu. Wenye biashara wengine watatu, kila mmoja peke yake, wakaulizwa: mwaka 2024, kutoka Pinga paka hapa, mulikuwa munalipa barieri ngapi kwa muzigo mmoja? Majibu hayakuwa sawa, lakini yalikaribiana na yale mwenzetu alikuwa anasema miaka yote. Ile hesabu ilifungwa pale pale. Mmoja wetu alikuwa amemufikiria mwenzake mwizi wa barieri kwa miezi mingi. Aliomba musamaha, si kwa furaha, lakini aliomba.

Bei ya dola ilikuwa na kelele. Iliisha kwa swali moja la mama mwenye ufunguo wa pili: "Ile franga ililala kama franga siku ngapi?" Haikulala. Juma lile lile iligeuka mawese. Basi ilihesabiwa kwa bei ya siku ilipoingia: dola 400. Kama ingekaa mu sanduku miaka mitatu, neno lingekuwa lingine.

Siku ya tatu njo bidoni zilijibu. Motari alikuwa amesema, bila kujua kama anasema kitu, kwamba siku chache kabla ya ile Yenga alibeba bidoni saba kutoka depo usiku. Tukangoja. Mmoja wetu alianza kulia, akasema ndiyo. Mutoto alikuwa na malaria kali, risasi zilikuwa zinasikika karibu, na pikipiki ya kumukimbiza ilikuwa inaombwa franga mingi. Aliuza saba kwa bei ya kutupa. Alitaka kumwambia mwenzake, lakini mwenzake alikuwa njiani na mawese, na kisha vita, na kisha ikawa neno lisiloweza kutoka mu kinywa. Yule mutoto ni muzima. Munamuona hapa anapita akikimbiza mupira.

Ukimya ulikuwa mrefu. Halafu yule mwingine akasema naye ana lake: alipokuwa mu ukimbizi alikutana na wanunuzi wetu, wakamulipa madeni, jumla dola 240, akazila na watoto wake. Na wakati wote ule alikuwa anamwita mwenzake mwizi wa bidoni.

Basi hesabu, muiandike wale wenye kupenda kuandika. Bidoni saba zilihesabiwa kwa bei tuliyonunulia, dola 18, si kwa bei ya soko wala ya kutupa: 126. Nusu ni ya mwenzake, 63. Madeni yaliyoliwa 240, nusu 120. Ukitoa 63 ndani ya 120, inabakia 57. Bidoni 34 zilizobakia ni hasara ya vita, hakuna mwenye kudai mwenzake. Dola 57. Juu ya 57 mmoja wetu alifikiri siku tatu juu ya vijana.

Dola 900 za Goma zilikuwa na namna yake. Tulikuwa tumezoea nusu kwa nusu, lakini ile ilikuwa ya faida, na hapa faida haiko: tulitoa 1.000 na zimebakia 900. Kwa hiyo zinarudi kulingana na kila mmoja alichotoa, 540 na 360. Mwenye 360 alisema: na miguu yangu? Alijibiwa kwamba miguu yake ililipwa kila muzigo, juu alitoa kidogo na akachukua nusu ya faida sawa na mwenzake. Hakupenda, na paka leo hapendi sana. Alitia kidole. Yule mwenye jina kwenye konti aliandika tena karatasi kwa bwana yake na kwa mutoto wake mukubwa, kwamba hata akifa ile franga ina wenyewe wawili. Karatasi ziko tatu: kwake, kwa mwenzake, na mu sanduku la chama.

Kwa wafadhili tunapenda kusema hili. Kuna mwanachama mwenye huruma aliomba kesi nyekundu ya chama ilipe zile 57 ili amani irudi haraka. Komite ilikataa. Kesi nyekundu ni ya wagonjwa, ya kufiwa, ya mwenye kuunguliwa nyumba. Haikuwekwa juu ya kulipa madeni ya wenye biashara. Sisi wawili tuliona komite ina haki, hata kama siku ile mmoja wetu alitoka na uso mubaya.

Zile 57 zililipwa kwa bidoni tatu, kila moja 19 kwa bei ya sasa. Biashara hatukuirudisha. Watu wanatuuliza, "Si mumesameheana?" Tumesameheana, na tumeachana. Mmoja anauza mawese peke yake, mwingine ameingia mu chumvi na maharagi. Siku za soko tunakaa karibu, si meza moja.

Bidoni ya kwanza na ya pili zilikuja haraka. Ya tatu ilichelewa miezi miwili, ikaletwa juma lililopita. Tuliifungua na kuipima pamoja mbele ya mama mwenye ufunguo wa pili. Ilipungua kopo mbili. Kesho yake asubuhi mutoto mmoja, ule wa malaria, alifika nyumbani kwa mwenzetu na kopo mbili za mawese mu sufuria, amefunika na jani la ndizi.