Mama Aliyesikiza Ndege

Leo tunataka kuwaambia habari ya mama mmoja wa Marekani, Rachel Carson. Alizaliwa shambani Pennsylvania mwaka wa 1907, akasomea viumbe, akaandikwa na serikali kutunga vijitabu vya samaki. Kitabu chake juu ya bahari, cha 1951, kilinunuliwa sana hata akaacha kazi ya mshahara. Hakuolewa, lakini alilea mtoto yatima wa jamaa yake.

Basi angekaa akastarehe. Lakini siku hizo DDT ilimwagwa kila mahali, hata kwa eropleni. Miti ilipigwa dawa, majani yakaanguka, nyungunyungu wakayala, nao ndege wakala nyungunyungu wakafa. Mama huyu akayaandika hayo mwaka wa 1962. Makampuni ya dawa yalimkejeli kweli kweli! Naye alikuwa akiugua saratani ya matiti, akaificha. Mwaka wa 1963 alikwenda kutoa ushahidi mbele ya maseneta, na 1964 akafariki, miaka 56 tu. DDT ilipigwa marufuku mashambani Marekani mwaka wa 1972.

Hakusema dawa zote zitupwe, la. Alitaka watu wajue wanachomwaga. Na sisi je? Tumesuuza mikebe ya dawa tukachotea maji ya kunywa. Tumepiga sukuma wiki Ijumaa, tukaiuza sokoni Jumamosi. Wiki hii, kabla ya kufungua chupa, tusomeane karatasi yake. Asiyejua Kizungu amwite mtoto wa shule.