Nchi Inayozeeka: Mafunzo ya Japani kwa Vyama Vyetu vya Msingi

(Hotuba ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika katika semina ya makatibu na wajumbe wa kamati za vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa kulisikia mara ya kwanza huonekana halituhusu hata kidogo, yaani hatua zinazochukuliwa na serikali za nchi zenye watoto wachache na wazee wengi. Najua wapo watakaouliza: Je, sisi tuna upungufu wa watoto? Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu milioni 44.9 katika Tanzania, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 61.7. Nchi ya namna hiyo haina haja ya kuhimizwa kuzaa.

Hata hivyo nawaomba mnisikilize kwa sababu mbili. Kwanza, nchi nitakayoieleza ni Japani, ambayo ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa yetu. Wao huiita kahawa ya Tanzania kwa jina la Kilimanjaro. Basi anayezeeka kule ni mteja wetu. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, chama cha ushirika chaweza kuzeeka hata kikiwa ndani ya nchi iliyojaa vijana.

Hali ilivyo Japani

Mwaka 1949, baada ya Vita Kuu ya Pili, Japani ilipata watoto karibu milioni 2.7. Mwaka 1973 ilipata watoto kama milioni 2.1. Tangu hapo idadi imekuwa ikiteremka, na mwaka 2024 waliozaliwa hawakufika 700,000. Idadi ya watu wote ilifikia kilele chake kama milioni 128 mnamo mwaka 2008, kisha ikaanza kupungua. Leo, katika kila watu kumi, karibu watatu wana umri wa miaka 65 au zaidi.

Ili idadi ya watu isipungue, wanawake wa nchi kama ile hupaswa kuzaa wastani wa watoto wawili na kitu kidogo juu yake. Mwaka 1990 serikali ya Japani ilitangaza kwamba wastani wa mwaka uliotangulia ulikuwa 1.57, na taifa zima likashtuka. Mwaka 2024 wastani ulikuwa 1.15.

Hatua za serikali kuhusu uzazi

Isidhaniwe kwamba serikali ile ilikaa bure. Sheria ya likizo ya kulea mtoto ilipitishwa mwaka 1991. Mwaka 1994 ulitolewa mpango mkubwa wa kuongeza vituo vya kulelea watoto, ili mama aweze kufanya kazi bila wasiwasi, na mipango mingine ikafuata. Mwaka 2019 serikali iliondoa ada katika shule za chekechea na vituo vya malezi kwa watoto wa miaka mitatu hadi mitano. Mwezi Aprili 2023 iliundwa idara maalumu ya watoto na familia. Mwezi Oktoba 2024 posho ya watoto ilipanuliwa: kila familia hulipwa bila kujali kipato chake, mpaka mtoto afikie umri wa kumaliza shule ya sekondari, na mtoto wa tatu hulipiwa yeni 30,000 kwa mwezi.

Kwa nini basi watoto hawakuongezeka? Sababu ni nyingi, nami nitataja tatu.

Sababu ya kwanza ni ndoa. Katika Japani watoto wanaozaliwa nje ya ndoa ni wachache sana, kiasi cha wawili katika kila mia. Lakini sensa yao ya mwaka 2020 ilionyesha kwamba zaidi ya robo ya wanaume hufika umri wa miaka 50 bila kuoa hata mara moja. Posho ya mtoto haimsaidii kijana ambaye hana kazi ya kudumu wala uwezo wa kuanzisha nyumba.

Sababu ya pili ni kazi. Saa za kazi ni nyingi, na mzigo wa nyumbani umebaki mabegani mwa mwanamke. Kwa miaka mingi mwanamke aliyezaa alilazimika kuchagua baina ya kazi yake na mtoto wake. Gharama za elimu nazo huwafanya wazazi waridhike na mtoto mmoja au wawili.

Sababu ya tatu ndiyo inayotupasa sisi kuitazama sana, nayo ni kuchelewa. Kati ya mwaka 2005 na 2015 wastani wa uzazi ulipanda kutoka 1.26 hadi 1.45. Mtu angetazamia watoto waongezeke, lakini walipungua, kutoka kama milioni 1.06 hadi milioni 1.01. Kwa nini? Kwa sababu akina mama wenyewe walikuwa wamepungua. Kizazi kikubwa kilichozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kilikuwa kinapita umri wa kuzaa. Sisi wakulima hatuna shida ya kulielewa jambo hili. Bei ya kahawa ikipanda wakati mibuni mingi imekwisha kuzeeka na mipya haikupandwa, mavuno hayataongezeka mwaka huo wala mwaka utakaofuata.

Hatua kuhusu wazee

Katika kuwatunza wazee Japani ilifanikiwa zaidi. Zamani kazi hiyo iliachiwa mke wa mtoto wa kiume, naye aliifanya mchana na usiku bila ujira wala shukrani. Familia zilipokuwa ndogo na wanawake wengi wakaajiriwa, mpango huo haukuweza kuendelea. Mwaka 1997 ilipitishwa sheria ya bima ya utunzaji wa wazee, na mwezi Aprili 2000 ikaanza kutumika.

Bima hiyo husimamiwa na halmashauri za miji na vijiji. Kila mtu hulipa mchango kuanzia anapofikia umri wa miaka 40. Nusu ya fedha hutokana na michango ya wananchi, na nusu hutokana na kodi. Mzee anapodhoofika hupimwa hali yake, kisha hupewa msaada kwa kadiri ya udhaifu wake: mtu wa kuja kumwogesha na kumpikia, kituo cha kushinda mchana, au nyumba ya kutunziwa. Yeye mwenyewe hulipa sehemu moja tu ya kumi ya gharama. Wenye kipato kikubwa hulipa zaidi.

Mpango huo una taabu zake. Michango imepanda, na watumishi wa kuwatunza wazee ni wachache, hata imelazimu kuwakaribisha wafanyakazi kutoka nchi za nje. Lakini msingi wake ni ule tunaoufahamu katika ushirika, yaani kuchanga mtu angali na nguvu ili apate msaada nguvu zitakapomwisha. Akiba haiozi.

Ushirika wa wakulima wa Japani

Ndugu Wanachama, sasa natazama mashambani. Mwaka 2020 wakulima wa Japani ambao kilimo ndiyo kazi yao kuu walikuwa milioni 1.36 tu, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 67.8. Mwaka 1960 vyama vyao vya ushirika wa kilimo vilizidi 12,000. Leo vimebaki yapata 500, kwa sababu vimekuwa vikiunganishwa mara kwa mara. Na ndani ya vyama hivyo, wanachama wasio wakulima, ambao huruhusiwa kutumia benki na huduma nyingine lakini hawana kura, wamewazidi kwa idadi wakulima wenyewe.

Vyama hivyo havikufumba macho. Tangu miaka ya 1990 vingi vimewafundisha wanachama, hasa akina mama, kazi ya kuwahudumia wazee majumbani, na bima ilipoanza baadhi viliingia katika huduma hiyo rasmi. Hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini kumtunza mkulima mzee hakumpi shamba lake mkulima mpya. Mashamba mengi yamebaki bila mtu, na miaka iliyopotea hairudi.

Yatupasayo kufanya

Sasa nirudi kwetu. Katika ukaguzi mimi hufungua kwanza daftari la hesabu, kisha daftari la wanachama. Hilo la pili mara nyingi husikitisha kuliko la kwanza. Hukuta majina ya marehemu ambao hisa zao hazikuhamishwa, na wazee wasioweza tena kufika mkutanoni. Wakati huo huo kijana anayepalilia, anayechuma na anayebeba kahawa mpaka ghalani si mwanachama. Hana hisa, hana kura, na kahawa huandikwa kwa jina la baba. Kisha sisi viongozi hulalamika kwamba vijana hawaupendi ushirika! Vijana wa Tanzania wapo, tena wengi. Wanaokosekana ni vijana katika daftari.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. La kwanza, kila katibu alipitie daftari la wanachama kabla ya mkutano mkuu ujao, aandike umri wa kila mmoja, na wastani wa umri usomwe mbele ya mkutano pamoja na hesabu za mwaka. La pili, kila mwanachama aandikishe jina la mrithi wa hisa zake, na binti asiachwe kwa sababu tu ni binti. La tatu, kamati zifikirie kumruhusu kijana alipe kiingilio na hisa kidogo kidogo kwa kukatwa katika mauzo yake, kwa kadiri masharti ya chama yanavyoruhusu. La nne, wazazi wamkatie kijana sehemu ya shamba angali na nguvu, wala wasingoje mpaka siku ya matanga.

Kuhusu wazee wetu, tusijidanganye kwamba wingi wa watoto ni bima ya kutosha, kwani watoto wengi wako mijini. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa pensheni kila mzee aliyetimiza miaka 70, kwa kuanzia shilingi 20,000 kwa mwezi. Vyama vyetu havina uwezo wa serikali, lakini mkutano mkuu waweza kuamua mfuko mdogo wa kuwafaa wanachama wazee, mradi uwe na daftari lake na ukaguliwe kama fedha nyingine.

Japani ni nchi tajiri, na ilipoamka ilikuwa na fedha. Kitu ilichokikosa ni muda. Sisi fedha hatuna, lakini muda bado tunao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Makatibu mnaorudi vyamani leo, nitakapokuja kukagua nitaomba nione daftari la wanachama kabla ya sanduku la fedha.