Vyombo vya Bei Rahisi: Je, Vyafaa Kununuliwa?

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa Mwamgongo)



Neno nililopewa ni hili: vyombo vya nyumbani vinavyouzwa kwa bei ya chini sana madukani na minadani, je, vyafaa kununuliwa, au ni hasara tupu? Huenda mtu akasema kwamba jambo hili ni dogo, halistahili mkutano wa watumishi. Walakini mshahara wa karani au wa mwalimu hauibwi na wezi usiku. Huondoka kidogo kidogo mchana kweupe, leo ndoo, kesho taa, keshokutwa chupa ya chai, hata mwisho wa mwezi mwenyewe asijue umekwenda wapi. Kwa hiyo jambo hili latuhusu sana.

Kwanza tutazame mahali petu. Mwamgongo si Kigoma mjini. Nyuma yetu ni milima, kusini yetu ni Hifadhi ya Gombe, mbele yetu ni ziwa, na karibu kila chombo cha dukani tulicho nacho kimekuja kwa boti kutoka Kibirizi. Mtu akaaye Mwanga au Ujiji akivunjikiwa na kikombe asubuhi, adhuhuri amekwisha nunua kingine. Sisi hatuna budi kungoja boti, kulipa nauli na kupoteza siku. Basi kwetu bei ya chombo si ile itajwayo na mwenye duka peke yake. Ni ile bei, pamoja na nauli, pamoja na siku, tena mara ngapi katika miaka michache tutalazimika kukinunua upya.

Tufanye hesabu kwa mfano. Tuseme ndoo hafifu yauzwa shilingi 4,000, nayo hudumu miezi 8. Tuseme ndoo nene yauzwa shilingi 9,000, nayo hudumu miaka 4. Katika miaka hiyo 4, mwenye ndoo hafifu atanunua ndoo 6, jumla shilingi 24,000, bila kuhesabu nauli. Mwenzake ametoa shilingi 9,000 mara moja tu. Hapo ndipo wazee waliposema kwamba rahisi ni ghali. Mtu akitaka kujua bei ya kweli ya chombo, agawanye fedha anayotoa kwa miezi ambayo chombo kitamtumikia. Hesabu hiyo haihitaji elimu kubwa, bali yataka uvumilivu wa dakika mbili mbele ya duka.

Wako wasemao kwamba dawa yake ni kuvikataa vitu rahisi vyote, na kumwona mwenzetu avinunuaye kuwa hana akili. Mimi siafiki, na nitatoa habari ya zamani kuwa ushahidi. Katika miaka ya 1930, bei za mazao zilipoanguka dunia nzima, nguo na viatu vya mpira kutoka Japani vilienea katika maduka ya Afrika ya Mashariki. Mkataba wa Berlin wa mwaka 1885, na ule wa Saint-Germain wa mwaka 1919, ilikuwa imefungua biashara ya nchi za bonde la Kongo kwa mataifa bila upendeleo, nazo nchi zetu zilihesabiwa humo. Kwa hiyo mwaka 1934, Uingereza ilipoweka mpaka wa kiasi cha nguo za Kijapani katika makoloni yake mengi, Afrika ya Mashariki haikuingizwa. Wenye viwanda vya Uingereza walinung'unika, lakini mkulima mwenye senti chache alipata nguo ya kuvaa. Je, tumwite mkulima yule mpumbavu? Hasha! Alinunua alichokiweza, na mwili wake ukasitirika.

Tena habari hiyo ina fundisho la pili. Siku zile jina la Japani lilikuwa sawa na kitu hafifu. Miaka ikapita, na redio na magari ya nchi ile ile yakawa ndiyo yanayosifiwa kwa kudumu. Leo twasikia watu wakisema, "Hicho cha Kichina," kana kwamba wamekwisha toa hukumu. Hukumu ya namna hiyo si haki wala haina faida. Nchi moja hutengeneza kitu kizuri na kitu kibaya, kwa kadiri ya fedha ambayo mwagizaji amekubali kutoa. Tukipime chombo chenyewe, si jina la nchi kilikotoka.

Sasa tutakipimaje? Mimi naona vyombo vyagawanyika katika mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vile ambavyo havikutani na moto, havibebi uzito, na vikivunjika havimdhuru mtu. Beseni la kufulia, vibanio vya nguo, ufagio, mkeka wa plastiki, kopo la kuogea: hivi mtu anunue kwa bei ya chini bila kuona haya. Kutoa fedha nyingi kwa kibanio cha nguo si busara, ni kujionyesha.

Fungu la pili ni vile vinavyobeba au kuhifadhi: ndoo, dumu, kiti, chupa ya chai. Hapa hesabu yetu ya miezi yahusika. Ndoo ishikwe mkononi, ibonyezwe ubavuni, itazamwe mahali mpini unaposhika, maana hapo ndipo ikatikapo mtu akipanda nayo kutoka ziwani. Chupa ya chai itiwe maji ya moto palepale dukani kama mwenye duka akikubali. Mtu ashike ubavu wake baada ya muda kidogo, na ukiwa na joto, aiache. Dumu lililotumika liulizwe asili yake. Lililokuwa na dawa za mashamba halifai maji ya kunywa hata likioshwa mara kumi.

Fungu la tatu ni vile vinavyokutana na moto, umeme au chakula cha moto. Katika haya rahisi yaweza kuwa hatari, si hasara tu. Waya mwembamba wa umeme ukilemewa hupata moto, na kibanda cha nyasi hakingoji maji. Jiko la mafuta lenye kiungo kinachovuja ni adui aliyekaribishwa jikoni. Nazo sufuria za kusubu, zile zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu vya kila namna, zina neno lake. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza matokeo ya kupima vyombo 42 vya namna hiyo kutoka nchi 10, Tanzania ikiwa mojawapo. Walichemsha ndani yake maji yaliyotiwa asidi ya siki, wakaona kwamba vyombo 15 vilitoa madini ya risasi kwa kiasi cha kuogofya. Risasi haina ladha wala harufu, nayo hudhuru akili za watoto wadogo. Basi mtu asipike ndimu, nyanya wala ukwaju kwa muda mrefu katika sufuria ya kusubu, wala asilaze chakula humo. Akiweza, achague sufuria ya bati laini lililotengenezwa kiwandani, au ya chuma cha pua.

Katika fungu hili la tatu tutafute alama ya Shirika la Viwango, ambalo liliwekwa kwa sheria ya mwaka 1975. Alama si kinga kamili, maana wako waigao hata alama. Lakini chombo kisicho na alama, wala jina la mtengenezaji, wala anwani, hakina wa kumwuliza.

Kuna neno jingine ambalo sisi makarani, tunaoshinda na karatasi, tungepaswa kuwa wa kwanza kulifahamu. Maduka mengi huandika, "Mali ikiuzwa hairudishwi." Wengi wetu twasoma tukanyamaza. Lakini Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, yataka bidhaa auzayo mfanyabiashara wa bidhaa hizo iwe yenye kufaa kuuzwa. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 nayo yamlinda mnunuzi asidanganywe. Walakini sheria humsaidia mwenye ushahidi. Tudai risiti, tuiweke pamoja na karatasi zetu nyingine. Tena sheria ile ya mauziano haimtetei mtu aliyekikagua chombo akapita kasoro iliyo wazi. Basi tukague kwa makini.

Sasa nafika penye shina la jambo. Kwa nini mtu mwenye akili, ajuaye kwamba ndoo ya shilingi 9,000 ni rahisi kuliko ya shilingi 4,000, hununua ile ya 4,000? Kwa sababu siku ile hana 9,000. Si ujinga, ni ukosefu wa fedha ya mkupuo mmoja. Mwenye nacho hununua mara moja. Asiye nacho hulipa mara sita. Tumeona pia jinsi fedha ya pwani hii inavyoweza kukatika. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti ili samaki wazaliane. Katika miezi kama ile, mwenye duka hana wanunuzi, ndugu wavuvi humjia mtumishi mwenye mshahara, na ndoo iliyopasuka hubaki imepasuka.

Kwa hiyo kuonyana tu hakutoshi. Naomba Chama kifikiri shauri hili. Upatu twaujua sote, na mabibi wanaujua kutupita sisi. Tuanzishe upatu wa vyombo: kila mwezi kila mwanachama atoe kiasi kidogo kitakachokubaliwa, fedha ikitosha, wachaguliwe wawili waende Kigoma kununua kwa jumla kitu cha namna moja, mathalani sufuria, au taa za jua, au ndoo nene. Nauli italipwa mara moja badala ya mara ishirini, na bei ya jumla ni chini kuliko ya rejareja. Kati ya hao wawili, mmoja awe ni mtu anayepika, maana mwenye kukitumia chombo ndiye ajuaye kilema chake. Wengine watasema kwamba fedha za pamoja huliwa. Kweli, huliwa palipo na giza. Basi kitabu cha hesabu kikae wazi mezani, risiti zibandikwe humo, na kila mwanachama awe na ruhusa ya kukifungua siku yoyote.

Jibu langu kwa swali nililopewa ni hili: vitu rahisi vyafaa pale ambapo kuvunjika kwake hakumdhuru mtu, vyataka hesabu pale vinapobeba mzigo, na havifai penye moto, umeme na sufuria ya watoto. Wahenga walisema, "Bura yangu sibadili na rehani." Aliye na chombo kizuri cha zamani asikitupe kwa kuvutiwa na rangi mpya. Asiye nacho asichekwe, bali asaidiwe kukipata.

Nimekwisha, Bwana Mwenyekiti. Naliacha shauri la upatu mikononi mwa wanachama, nao walipime na kuliamua.