Akiba ya Majani Haiozi

Ndugu msikilizaji, nikisema baridi huua ng'ombe, wengi wenu wa mjini mtafikiria theluji za nchi za mbali. Kweli, huko Mongolia majira ya baridi ya mwaka 2009 na 2010 yaliua mamilioni ya mifugo. Lakini mauti yale aghalabu huanza mapema: mvua hukosekana katika miezi ya joto, majani huwa haba, na mnyama huingia kwenye baridi akiwa amekwisha konda.

Hapa kwetu pia kipupwe kina sura nyingi. Katika uwanda wa juu wa Kitulo, wilayani Makete, mwezi Juni na Julai umande huganda alfajiri na majani huungua kana kwamba yamepitiwa na moto. Ndama asiye na banda hushikwa na homa ya mapafu. Adui wa mfugaji wa huko ni baridi yenyewe.

Tabora mambo ni mengine. Mvua hukatika Aprili au Mei, na hairudi mpaka Novemba. Juni usiku una baridi, lakini ng'ombe bado wana afya, wanakula mabua mashambani. Kwa hiyo mwenye ng'ombe hulala usingizi. Agosti moto hupita porini. Oktoba lambo limebaki tope, na ng'ombe hawezi kuinuka bila kushikwa mkia. Hapo ndipo mfugaji huingia msituni kwenye mbung'o waletao nagana, ambako pia askari wa hifadhi humngoja na faini. Akigeukia bondeni, hukuta bustani ya mkulima, na ugomvi huanza.

Mzee mmoja wa Uyui alinieleza hasara yake. Juni aliona uchungu kuuza ng'ombe wawili wanono. Oktoba akauza watano, na fedha aliyopata haikufikia thamani ya wale wawili.

Wahenga wetu waliijua hesabu ya kiangazi. Wapagazi wa Kinyamwezi wengi waliondoka kwenda pwani baada ya mavuno, wakijitahidi kurudi kabla ya msimu wa kulima. Katika njia ile ya Bagamoyo, Unyanyembe hadi Ujiji, palikuwa na Mgunda Mkali, pori lililoogopwa kwa uhaba wa maji, na kabla yake Ugogo, ambako misafara ililipa hongo ndipo ipite na kunywa. Aliyetoka bila kujua atakunywa wapi, hakufika.

Hata malisho yalikuwa na hesabu yake. Wasukuma wana ngitili: sehemu ya malisho hufungwa mvua zinapoanza, isiguswe, mpaka kiangazi kinapokolea. Hapo hufunguliwa kwa zamu, wakitangulia ndama, wagonjwa na maksai wa kulimia. Shinyanga ilipokaribia kuwa jangwa, mradi wa HASHI ulioanza mwaka 1986 uliirudisha desturi hiyo, na miti ikaota tena. Tabora tuna ardhi na tuna mvua. Kinachokosekana ni kijiji kukaa kikao na kukubaliana nani asichunge wapi, kabla majani hayajaisha.

Sasa nanyi wa mjini msiseme hayo ni ya wachungaji. Wengi wenu mna ng'ombe kijijini mliowaachia kaka au mjomba. Akiwaandikia Oktoba, mnatuma fedha ya dawa, na dawa haimtibu ng'ombe mwenye njaa. Tumeni Juni, fedha ichimbe lambo na kuzungushia ngitili. Na mjomba akisema auze wawili wangali wanono, msimkatalie kwa sababu ya kupenda kuhesabiwa kundi kubwa.

Akiba haiozi, walisema wazee. Ng'ombe wa Oktoba huokolewa Juni.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.